Mgongano Kwenye Besi ya Nyumbani: Yanayoamuliwa Kabla Miili Haijakutana

Katika mechi ya besiboli, mpira umepigwa hadi uwanja wa nje. Mkimbiaji aliyekuwa besi ya pili amezunguka ya tatu bila kupunguza mwendo, mpira unarushwa nyumbani, besi ya mwisho ambako alama hupatikana, mdakaji anayeilinda besi hiyo ameinua glavu, na ghafla watu wawili wako chini kwenye vumbi. Jukwaa linasimama. Kocha wa huku anadai mkimbiaji ni aut, yaani ameondolewa kwenye mbio zake, kwa sababu hakuserereka, yaani hakujitupa chini ateleze hadi besi. Kocha wa kule anadai apewe mkimbio, yaani alama, kwa sababu njia ilizibwa. Inawezekana wote wawili wamekosea, lakini mwamuzi aliyeanza kutazama pale miili ilipokutana hana cha kuwajibu.

Mgongano ni matokeo. Hukumu yake imo katika sekunde mbili zilizotangulia: mpira ulikuwa wapi, mdakaji aliweka wapi miguu, mkimbiaji aliachiwa njia gani, na alichagua kufanya nini. Mwamuzi aliyeyaona hayo manne kwa mpangilio huo huamua kwa utulivu. Aliyeona vumbi tu hubaki akikisia, na makocha hung'amua mara moja.

Tunazungumzia besiboli ya shule za sekondari za Marekani, inayochezwa kwa kitabu cha kanuni cha NFHS, shirikisho la taifa la vyama vya michezo ya shule lenye makao yake Indianapolis. Si kitabu cha ligi kuu, na si kitabu cha Little League wanachotumia watoto. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya kelele za jukwaani. Mzazi aliyehamia Minnesota au Texas kutoka kwetu, aliyeujua mchezo huu kupitia televisheni, anakuja na kanuni za wachezaji wa kulipwa. Kijana aliyetoka Little League mwaka juzi anakuja na kanuni za watoto. Na anayefundisha besiboli Dar es Salaam, au Lugazi kule Uganda, mji uliotoa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League mwaka 2012, aulize kwanza mashindano yake yanafuata kitabu kipi kabla ya kuchukua lolote humu.

Wachezaji wa kulipwa walichelewa kulishughulikia jambo hili. Tarehe 14 Julai 1970, katika mechi ya nyota iliyochezwa Cincinnati, Pete Rose alimgonga mdakaji Ray Fosse na kufunga mkimbio wa ushindi, na Fosse akaumia bega. Kwa miaka mingi picha ile ilioneshwa kama mfano wa kujituma. Tarehe 25 Mei 2011, San Francisco, Scott Cousins wa Florida Marlins alimgonga mdakaji Buster Posey wa Giants. Posey akavunjika mfupa wa mguu na kuchanika kano za kifundo, na msimu wake ukaishia hapo. Kanuni ya ligi kuu dhidi ya migongano ya namna hiyo ilikuja mwaka 2014. Kitabu cha shule ni kikali zaidi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mdakaji wa miaka 15 halipwi kwa kusimama pale, na hakuna mkimbio wa mechi ya shule wenye thamani ya shingo yake.

Mpira kwanza, kisha miguu ya mdakaji

Kifungu cha 2-22 kinasema kwamba mtetezi asiye na mpira hapaswi kumnyima mkimbiaji njia ya kuifikia besi anayoiendea. Sentensi hiyo ina masharti mawili, nayo yapimwe moja moja.

La kwanza ni kuwa na mpira. Mpira uwe umeshikwa na kudhibitiwa, mkononi au ndani ya glavu. Mpira unaodunda juu ya kiganja cha glavu haujashikwa. Mpira uliobakiza mita moja kufika haujashikwa. Wapo makocha wanaoamini kwamba mdakaji ana ruhusa ya kuziba njia akiwa anaupokea mpira. Katika kitabu hiki hana. Wala nia haiangaliwi: kuzuia njia kunaweza kuwa kwa makusudi au kwa bahati mbaya, na adhabu ni ile ile.

La pili ni kunyimwa njia. Besi ya nyumbani ina upana wa inchi 17, yaani sentimita 43 hivi, na mdakaji anaruhusiwa kuifunika sehemu yake ilimradi mkimbiaji abakiwe na pa kupita na pa kugusa. Kwa hiyo macho yako yaende kwenye mguu wake wa kushoto. Ukiwa ndani ya uwanja, mbele ya besi, vidole vikielekea besi ya tatu, mkimbiaji anayekuja kwa mstari anauona upande wa nje na wa nyuma wa besi ukiwa wazi. Ukiwa umekaa juu ya mstari wenyewe na goti limeshuka ardhini kabla ya mpira kuingia kwenye glavu, mlango umefungwa. Goti ndilo huwaponza wadakaji wengi. Wamefundishwa kuushusha mwili ili mpira unaodunda usipite chini yao, nalo huanguka mapema kuliko mpira unavyofika.

Hata hivyo, kusimama njiani peke yake si kosa mpaka mkimbiaji awe ameathirika. Mdakaji aliyesimama juu ya mstari wakati mkimbiaji yuko mita kumi nyuma, akaupata mpira, kisha akamsubiri, hajamzuia mtu. Kinyume chake, mgongano si sharti la kosa. Mkimbiaji aliyepunguza mbio, aliyepinda, au aliyeahirisha kuserereka kwa sababu hakuona pa kuingilia amezuiwa hata kama hawakugusana. Tazama hatua zake tatu za mwisho. Mkimbiaji asiyeathirika hukanyaga kwa urefu ule ule, na aliyeathirika hukatisha hatua.

Ukiona kosa hilo, nyoosha mkono wa kushoto pembeni, usawa wa bega, ngumi imefungwa, na ulitamke kosa kwa sauti. Usisimamishe mchezo. Katika kanuni za shule mpira unabaki hai kila mara njia inapozuiwa, na wakimbiaji wengine wanaendelea kucheza na kuhatarisha wenyewe. Mchezo ukiisha, simamisha, kisha toa besi. Aliyezuiwa hupata angalau besi moja mbele ya ile aliyokuwa ameipita, na wengine walioathirika huwekwa pale ambapo, kwa maoni yako, wangefika kama kosa lisingetokea. Kati ya besi ya tatu na nyumbani hesabu ni nyepesi, kwa kuwa anapewa nyumbani.

Wepesi huo huwapotea watu mkimbiaji anaponaswa katikati. Mdakaji anamkimbiza kurudi besi ya tatu, anamrushia mwenzake mpira, halafu anabaki pale pale kwenye mstari akishangaa. Mkimbiaji anageuka na kumvaa. Mdakaji hana mpira tena, na njia ni ya mkimbiaji. Mkimbiaji anapewa nyumbani. Angepewa nyumbani hata kama kuzuiwa kulitokea akiwa anakimbia kurudi besi ya tatu, kwa sababu kipimo ni besi moja mbele ya alipokuwa amefika, wala hakitegemei alikoelekea. Kocha wa ulinzi atapiga kelele. Msomee kifungu cha 8-3-2 kwa maneno machache, urudi kazini.

Hakuna amri ya kuserereka

Kitabu cha shule hakimlazimishi mkimbiaji kuserereka, hata siku moja. Imani hiyo inatoka Little League, ambako mkimbiaji anaweza kuwa aut asiposerereka au asipojaribu kumkwepa mtetezi aliyekwisha kuushika mpira na anayemsubiri. Hata kule kuserereka ni chaguo moja kati ya mawili. Watu wameikata sentensi katikati wakaibeba hadi sekondari.

Anachodaiwa mkimbiaji wa sekondari ni mambo mawili: akiserereka, aserereke kihalali, na asiposerereka, ajaribu kihalali kumkwepa mtetezi anayemalizia mchezo dhidi yake. Anaweza kupita pembeni akagusa besi kwa mkono akiwa amesimama. Anaweza kusimama kabisa akaguswa na mpira. Anaweza kurudi. Akikwepa kuguswa kwa kwenda zaidi ya futi 3, karibu sentimita 91, kutoka kwenye mstari wake, ni aut kwa sababu hiyo tu, bila kuhusisha mgongano wowote.

Kuruka juu ya mdakaji kunaruhusiwa kama mdakaji amelala ardhini. Amepiga magoti? Hapana. Kupiga mbizi kichwa mbele juu yake kumekatazwa vyovyote alivyo. Hii ya mbizi huwachanganya watazamaji kwa sababu kuserereka kwa kichwa mbele chini ardhini ni halali katika sekondari. Mwili ukiwa chini hakuna tatizo, ukiwa hewani juu ya mtu ni aut.

Kuserereka kwenyewe kuna vipimo, navyo vimo katika kifungu cha 2-32. Anayetanguliza miguu awe na angalau mguu mmoja na tako moja ardhini. Awe ndani ya umbali wa kuifikia besi kwa mkono au kwa mguu. Asijiviringishe, asijitandaze kwa ubavu, wala asiinuke ghafla na kumrukia mtetezi. Mguu ulioinuliwa usipite goti la mtetezi aliyesimama. Asipige teke, asifyeke. Katika besi nyingine, kupitiliza besi kisha kumgonga mtetezi au kuuvuruga mchezo wake ni kosa. Nyumbani pekee kuna nafuu: kasi ya mkimbiaji ikimpeleka kupita besi kwa kuufuata mstari wake ule ule, si kosa.

Kati ya hivyo vyote, mguu ulioinuliwa ndio mgumu zaidi kuuona kutoka nyuma, kwa sababu mwili wa mdakaji unaukinga. Ukisimama pembeni utauona bila shida, na hilo tutalirudia tunapofika kwenye mahali pa kusimama.

Kuserereka kusiko halali kukisababisha mgongano, au kukibadilisha anachofanya mtetezi, mkimbiaji ni aut kwa kuingilia mchezo na mpira unakufa papo hapo. Hapa ishara ni tofauti na ile ya kuzuia njia. Mikono yote miwili juu, mchezo umesimama, kisha unamwonyesha mkosaji. Waamuzi wapya hubadilisha hizi mbili: wanasimamisha mchezo kwa kosa la ulinzi na kuwanyima wakimbiaji wengine besi zao, au wanaacha mpira uende kwa kosa la mkimbiaji na kuishia na mikimbio ambayo haikupaswa kuwepo.

Na mpira ukidondoka? Kumgusa mkimbiaji kwa mpira ni halali pale tu mpira unapobaki umeshikwa. Mkimbiaji aliyeserereka vizuri na mpira ukamtoka mdakaji kwa kishindo hicho ni salama, na mdakaji hana wa kumlalamikia. Ndiyo maana hukumu ya aut haitolewi mpaka uuone mpira ndani ya glavu. Sema kwa sauti, "nionyeshe mpira", uone ngozi nyeupe na mishono yake, kisha ndipo ngumi ipande. Lakini kama mkimbiaji aliuangusha mpira ule kwa kuserereka vibaya au kwa kumvaa mdakaji bila kujaribu kumkwepa, kudondoka kwake hakumwokoi.

Nia mbaya

Kugonga kwa nia mbaya ni kosa la namna yake, na ndilo linaloondoa wachezaji uwanjani. Kifungu cha 3-3-1 kinamkataza mchezaji yeyote, wa mashambulizi au wa ulinzi, kuanzisha mgongano wa namna hiyo, na adhabu ni kutolewa mchezoni. Kifungu cha 8-4-2 kinaongeza kwamba mkimbiaji mwenyewe ni aut, isipokuwa kama alikwisha kufunga mkimbio.

Hakuna rula ya kuipima nia, lakini mwili husema. Bega limeshushwa na kuelekezwa kifuani. Viwiko vimetoka nje au mikono imefungwa mbele kama ngao. Mkimbiaji ameuacha mstari uliokuwa unampeleka kwenye besi akamfuata mdakaji alipo. Hakuna mkono wala mguu uliokuwa ukiitafuta besi. Nguvu imezidi ile iliyohitajika kufika. Ukiyaona mawili au matatu ya hayo kwa pamoja, uamuzi umekwisha kujitoa. Linganisha na kijana aliyestuka kumwona mdakaji mbele yake hatua ya mwisho, akainua viganja wazi mbele ya uso ili asiumie. Huyo anajikinga. Huenda ni aut kwa kutokujaribu kukwepa, huenda amezuiwa, lakini nia mbaya haimo.

Kuumia kwa mtu si kipimo. Mdakaji anaweza kuinuka akijipangusa baada ya kugongwa kwa ukatili, na anaweza kubebwa kwenye machela baada ya ajali isiyo na kosa. Mwamuzi anayesubiri kuona nani hainuki ndipo aamue anaipima bahati. Hiyo si haki kwa yeyote kati yao.

Sehemu inayohitaji moyo mgumu ni makosa mawili yanapokutana. Mdakaji hana mpira, goti liko chini, njia imefungwa. Mkono wako wa kushoto umekwisha kunyooka. Mkimbiaji, badala ya kupunguza au kupinda na kuchukua besi ambayo tayari ni yake, anashusha bega na kumpasua mdakaji. Kitabu kiko wazi: nia mbaya hufuta kuzuiwa njia. Mpira umekufa, mkimbiaji ni aut, ametolewa mchezoni, na mkimbio haupo. Kocha wake atasema kwa uchungu kwamba kosa lilianza kwa mdakaji, na ni kweli lilianza huko. Lakini kosa la mdakaji lilikuwa na fidia yake, nayo ni mkimbio, na mkimbiaji alikuwa anapewa bila kutoa jasho. Kanuni haikumwachia ruhusa ya kujilipa mwenyewe. Tunaamini hii ndiyo sentensi bora kuliko zote katika sura nzima ya wakimbiaji, na ndiyo ambayo waamuzi wengi huiogopa.

Lipo suala la muda pia. Mkimbiaji aliyegusa besi kwanza, kisha akamsukuma au kumvaa mdakaji, amekwisha kufunga. Mkimbio unahesabiwa na yeye anatolewa mchezoni. Ndiyo sababu jicho lisiuache mguu unaoitafuta besi hata kama juu mambo yanatisha. Robo ya sekunde kati ya kugusa na kugonga huamua alama ubaoni.

Mdakaji naye ana zake. Kumgusa mkimbiaji kwa mpira hakuhitaji kiwiko cha uso. Mdakaji asiye na mpira anayemwangushia mkimbiaji anayeserereka goti zima mgongoni anatolewa kama ambavyo mkimbiaji angetolewa, na mkimbiaji anapewa besi aliyonyimwa.

Kuna migongano isiyo na mwenye kosa. Mpira umerushwa vibaya, umevutwa upande wa besi ya tatu, mdakaji ananyoosha mwili kuufuata, naye mkimbiaji yuko hatua mbili tu kutoka hapo akikimbia kwa kasi. Mpira, mdakaji na mkimbiaji wanafika pamoja. Hapa waamuzi wazuri hutofautiana. Msimamo wetu ni kwamba ujiulize swali moja: mdakaji alikuwa ameacha njia wazi kabla mpira haujamvuta? Kama ndiyo, na mkimbiaji hakufanya la ziada, nyoosha mikono pembeni kama ishara ya salama, sema kwamba hakuna kosa, acha mchezo uendelee. Kama mdakaji alikuwa tayari amesimama juu ya mstari na mpira ukamkuta huko huko, usimpe msamaha wa mpira mbaya. Kubaki kimya bila ishara ni vibaya zaidi, kwa sababu wachezaji husimama wakidhani umeona kosa, na mkimbiaji wa nyuma anajikuta katikati ya besi mbili bila kujua la kufanya.

Besi zote zikiwa na watu

Besi zikijaa na mpira ukapigwa chini, nyumbani panakuwa pa lazima: mdakaji hahitaji kumgusa mkimbiaji, anakanyaga besi tu akiwa na mpira, halafu anatafuta aut ya pili kwa kurusha besi ya kwanza. Hapo mkimbiaji anayetoka besi ya tatu akichagua kuserereka lazima afanye hivyo ardhini na kwa mstari ulionyooka kati ya besi mbili. Anaruhusiwa pia kuserereka au kukimbia kwa kujitenga na mdakaji, si kumwelekea. Akimfuata mdakaji ili kuvunja mrusho, adhabu ni nzito kama aut hazijafika mbili: yeye ni aut, mpigaji anayekimbilia besi ya kwanza ni aut, na wengine wanarudi kwenye besi walizokuwa wakati mpira uliporushwa kwa mpigaji. Haijalishi kama mrusho wa besi ya kwanza ungefika kwa wakati au la.

Lakini kumbuka nafuu ya nyumbani. Mkimbiaji aliyeserereka sawasawa, akapitiliza besi kwa mwendo wake akiufuata mstari, akamgusa mdakaji aliyerudi nyuma ya besi, hana kosa. Kocha mwenye busara humfundisha mdakaji kukanyaga besi kisha kutoka kuelekea ndani ya uwanja ndipo arushe.

Pa kusimama

Mechi nyingi za shule zina waamuzi wawili. Mkimbiaji akiwa besi ya pili na mpira ukaenda uwanja wa nje, mwamuzi wa nyumbani anabaki nyumbani. Kutoka besi ya pili hadi nyumbani kupitia ya tatu ni futi 180, sawa na yadi 60, umbali ule ule ambao vijana hupimwa kasi, na kijana mwenye mbio huumaliza kwa sekunde 7 hivi. Huo ndio muda wako wote wa kujipanga, na sehemu yake umekwisha kuitumia kuhakikisha mkimbiaji amegusa besi ya tatu.

Toa kinyago kwa mkono wa kushoto na ukishike humo humo, ili wa kulia ubaki huru kwa ishara. Tupia jicho gongo lililoachwa na mpigaji. Mpigaji anayefuata ndiye kwa kawaida huliondoa, lakini kama limelala juu ya njia na hakuna aliyeligusa, lisogeze mwenyewe mapema. Kisha anza nyuma ya ncha ya besi, umbali wa mita 3 au zaidi kidogo. Ukiwa karibu mno unaona kifua cha mdakaji tu, na mkimbiaji anakuja kwako kama ukuta.

Kutoka hapo soma mrusho. Pembe inayofaa mara nyingi ni kwenye mstari wa besi ya kwanza ukiurefusha nyuma ya besi ya nyumbani, karibu na nyonga ya kushoto ya mdakaji. Pale unasimama kwa pembe mraba na njia ya mkimbiaji, na uwazi kati ya glavu na mwili wake unakuwa mbele ya macho yako. Unaona goti la mdakaji, unaona mguu ulioinuliwa, unaona mkono unaotafuta besi. Mpira ukimvuta mdakaji upande mwingine, sogea hatua moja au mbili kuufuata uwazi huo. Kisha simama. Hukumu inayotolewa na mwamuzi anayekimbia ina makosa mengi kuliko ile ya aliyesimama mbali kidogo.

Mwenzako wa besi ana kazi yake pia. Anawafuatilia wakimbiaji wengine, maana utahitaji kujua kila mmoja alikuwa wapi mpira ulipokufa. Kosa la mkimbiaji likiita mpira ufe, wengine wanarudi kwenye besi ya mwisho waliyoigusa kihalali kabla ya kosa, isipokuwa ile hali ya besi za lazima tuliyoieleza. Mkikutana kulinganisha, kutaneni mbali na makocha, na wewe ndiye utangaze.

Baada ya kishindo

Mpira ukishakufa, ingia kati ya wawili hao kwa mwili wako lakini usimshike mchezaji. Mwenzako ayageukie mabenchi. Mchezaji anayeacha benchi au nafasi yake kwenda kwenye ugomvi anatolewa, na jambo la kwanza la kuzuia ni hatua ile ya kwanza ya mchezaji wa akiba, ambayo sauti ya mwamuzi inaweza kuisimamisha ikitoka mapema. Mwite kocha amdhibiti mchezaji wake kabla hujaanza kueleza lolote.

Halafu tazama kichwa. Mchezaji aliyepoteza fahamu, anayeumwa kichwa, mwenye kizunguzungu, aliyechanganyikiwa au asiyeweza kusimama sawasawa anatoka mchezoni mara moja, na harudi mpaka mtaalamu wa afya anayestahili amruhusu. Mwamuzi hatibu wala hapimi. Akiona dalili, anamwondoa. Usikubali kocha akuambie kijana "kapigwa kidogo tu". Usimwulize kijana mwenyewe kama yuko sawa ukaishia hapo, kwa sababu wa miaka 16 aliyebakiza raundi mbili kumaliza mechi atasema yuko sawa. Mdakaji huvaa kinyago, helmeti, kinga ya kifua ambayo tangu mwaka 2020 lazima iwe imethibitishwa kwa kiwango cha kulinda moyo, na kinga za miguu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia ubongo kutikisika.

Kama umemtoa mchezaji, mwambie kocha wake namba yake na sababu kwa sentensi moja, bila hotuba. Eleza hukumu kwa kocha wa pili kwa maneno yale yale ili wasije wakalinganisha hadithi mbili. Andika kwenye kadi yako raundi, idadi ya aut, matokeo, namba za jezi, na kilichotokea kwa mpangilio: mpira ulikuwa wapi, mdakaji alikuwa wapi, mkimbiaji alifanya nini. Vyama vingi vya majimbo huongeza kufungiwa mechi kwa mchezaji aliyetolewa, kwa hiyo ripoti yako itasomwa na watu ambao hawakuwepo. Waandikie ulichokiona. "Alishusha bega la kulia, akaacha mstari kwa hatua moja, akamgonga mdakaji kifuani kabla ya kugusa besi" inawasaidia kuliko ukurasa mzima wa kumwita kijana mhuni.

Kisha warudishe wakimbiaji kwenye besi zao, mthibitishie mwandika alama kama mkimbio umehesabiwa au la, hakikisha mchezaji wa akiba ameingia na ametangazwa, mpe mdakaji mpya muda wa kufunga kinga zake na kupokea mirusho michache, na uanzishe mchezo.